Imani ya Aliyetolewa Nje

Kabla ya kuendelea, soma Yohana 9 yote bila kukatiza. Wengi huikumbuka sura hii kwa muujiza wake: tope la mate, birika la Siloamu, na kipofu anayerudi akiona. Lakini muujiza wenyewe unaishia fungu la 7. Mafungu 34 yanayobaki yanaeleza jambo jingine, yaani kile kinachompata mtu pale viongozi wa dini aliyozaliwa ndani yake wanapomtaka akane jambo alilotendewa na Mungu, naye hawezi kulikana. Anahojiwa. Wazazi wake wanaitwa. Anahojiwa tena, anatukanwa, kisha anatolewa nje.

Ndani ya habari hiyo kuna swali ambalo vikundi vya kujifunza Biblia mara nyingi hulipita haraka. Mtu aliyefundishwa kumjua Mungu na watu waliomtawala kwa hofu, akiisha kuwaacha watu hao, amebaki na nini? Kila neno alilo nalo juu ya Mungu alilipata kwao. Baba, dhambi, toba, utii, neema, hata jina la Yesu, yote yalimfikia kwa sauti ya mtu aliyeshika fimbo. Akipiga magoti kuomba, anaisikia sauti ile. Akifungua Biblia, mafungu yanajisoma kwa lafudhi ile ile. Wapo watakaomwambia avitupe vyote kwa kuwa vyote vimeoza. Wapo watakaomwambia arudi alikotoka kwa kuwa kuwaacha wazee wake ni kumwacha Mungu. Washauri hawa wanapingana, lakini wanakubaliana katika jambo moja: kwamba Mungu na watu waliolitumia jina lake hawawezi kutenganishwa. Yohana 9 haikubaliani nao.

Ni vizuri kusema wazi ni malezi ya namna gani yanayozungumziwa, maana si kila malezi makali hutawala dhamiri. Ibada ya asubuhi na jioni, kufunga biashara Ijumaa kabla jua halijazama, kukatazwa mambo ambayo watoto wa jirani wanaruhusiwa: mtoto anaweza kuyanung'unikia haya yote na bado akakua akiwa huru. Tofauti huonekana pale anapouliza kwa nini. Katika nyumba yenye nidhamu atajibiwa, hata kama jibu ni pungufu. Katika nyumba nyingine swali lenyewe ni uasi. Neno la kiongozi halipimwi kwa Maandiko, ila Maandiko hupimwa kwa neno la kiongozi. Ndugu aliyetoka hasalimiwi tena. Kilichosemwa kwa siri hupelekwa kwa wazee. Homa, kufeli mtihani na msiba huelezwa kuwa adhabu ya jambo fulani ambalo mtoto anatakiwa alitafute moyoni mwake, naye hukesha akilitafuta, akiwa na hakika kwamba lipo.

Afrika Mashariki imeona mwisho wa njia hiyo zaidi ya mara moja. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini waliteketea kwa moto ndani ya jengo la kundi lao lililokuwa likisubiri mwisho wa dunia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kundi ambalo, kwa maelezo ya walionusurika, liliwaambia wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa wengi kati yao. Baadhi ya waliokutwa hai walikataa chakula walichopewa na waokoaji. Waokoaji walikuwa wamefika na chakula kilikuwa mkononi, lakini amri ya kutokula ilikuwa bado inasemwa ndani ya mtu.

Wengi wa waliolelewa hivyo hawatafika kwenye magazeti. Wanakaa benchi la nyuma kanisani. Mfikirie binti aliyekulia katika kundi dogo la namna hiyo, akatoka akiwa na miaka ishirini, akakaa miaka mitatu bila kuomba, na sasa amekuja Shule ya Sabato kwa sababu jirani alimwalika. Mwalimu anauliza swali la kawaida kabisa. Binti analijua jibu, kwani alikariri sura hiyo nzima kabla hajafika darasa la nne, lakini mikono yake inatetemeka. Alikotoka, swali la kiongozi lilikuwa mtego. Baada ya ibada mama mmoja mwenye nia njema anamshika bega na kumwambia, "Mwanangu, amini tu." Mama yule hajui kwamba hayo ndiyo maneno yaliyotumika kumnyamazisha binti huyu miaka yote.

Basi mtu kama huyu aanzie wapi?

Yule mtu wa Yohana 9 alianzia kwenye jambo dogo alilolijua. Anapobanwa aseme kama Yesu ni mwenye dhambi, anajibu kwamba hilo halijui, lakini neno moja analijua, kuwa alikuwa kipofu na sasa anaona (9:25). Angalia jinsi sura hii inavyogawa maneno. Wakuu wanasema wanajua, tena wanasema wanajua (9:24, 29). Aliyeponywa anasema hajui (9:12, 25). Mwisho wa sura, wanaojua wanaambiwa dhambi yao inakaa, na asiyejua anaabudu. Kwa mtu aliyelelewa kuamini kwamba kusema "sijui" ni kuteleza kuelekea motoni, hilo si jambo dogo. Hapa "sijui" ni sehemu ya unyofu wake. Anakataa kukana alichonacho, na anakataa pia kudai asichonacho.

Kisha mtazame anavyokua. Kwanza Yesu kwake ni mtu aitwaye Yesu (9:11). Baadaye ni nabii (9:17). Halafu ni mtu ambaye, kama hakutoka kwa Mungu, asingeweza kutenda neno lolote (9:33). Mwishoni anamwita Bwana na kumsujudia (9:38). Hakuna aliyempa mafundisho ya ubatizo katikati ya hatua hizo. Kila hatua ilitoka kwenye ile iliyotangulia kwa sababu alikuwa mwaminifu kwa ile. Anayejenga upya hahitaji kuanza na Imani za Msingi zote 28. Aanze na moja aliyo nayo kweli, hata ikiwa ni ndogo kiasi cha kuonewa haya. Binti yule huenda ana neno moja tu: kwamba waliyomtendea yalikuwa mabaya, na ubaya huo haukupungua kwa kutendwa katika jina la Mungu. Watu humwambia kwamba hasira hiyo ndiyo kizuizi cha imani yake. Lakini hasira hiyo ina habari ndani yake. Kama Mungu ni kama walivyosema, alichotendewa kilikuwa haki, na hana cha kulalamikia. Kila anapolalamika anashuhudia, bila kukusudia, kwamba walimsingizia Mungu. Manabii walilalamika hivyo hivyo juu ya wachungaji wa Israeli. Ezekieli 34 ni lalamiko la Mungu mwenyewe.

Kuna pingamizi hapa ambalo ni la haki. Je, huyu hatajitengenezea Mungu wa kumpendeza? Akiisha kumtupa Mungu wa hofu, ni nini kitamzuia asichonge mwingine laini, asiyemdai chochote, halafu amwite Yesu? Hatari hiyo ipo, na wengi wameingia humo. Lakini Yohana 9 yenyewe haimtoi Yesu wa namna hiyo. Anamtuma kipofu akiwa bado kipofu, na tope usoni, atembee hadi Siloamu. Maneno yake ya mwisho katika sura hii ni ya hukumu (9:39–41). Na jambo gumu kuliko yote: tangu fungu la 8 hadi la 34 Yesu hayupo. Mtu wake anahojiwa mara mbili, anaachwa na wazazi wake ajisemee mwenyewe, anafukuzwa, na Yesu haonekani mahali popote. Hakuna maelezo ya kwa nini hakufika mapema. Anayejibunia Mungu wa kumfariji asingeyaandika mafungu 27 ya namna hiyo. Aliyewahi kuomba usiku kwenye nyumba yenye hofu na asisikie kitu atayatambua.

Kwa hiyo ulaini hauwezi kuwa kipimo. Kipimo kilicho ndani ya sura ni jinsi mtu mwenye maswali anavyotendewa. Wakuu wanapoulizwa swali la maana na yule aliyeponywa, jibu lao ni kwamba alizaliwa katika dhambi, kisha wanamtoa nje (9:34). Yesu anapoulizwa ni nani huyo Mwana ili aaminiwe, anajibu swali (9:36–37). Ni tofauti ndogo kwa kuitazama, na kwa mtu aliyelelewa kwa kutisha ni tofauti ya mbingu na nchi.

Wazazi wake wanahitaji kutazamwa kwa huruma zaidi ya wanayopewa kwa kawaida. Yohana anasema waliogopa, kwa kuwa kulikuwa na mapatano kwamba atakayemkiri Yesu kuwa Kristo atatengwa na sinagogi (9:22). Kutengwa kulikuwa ni kupoteza majirani, heshima, pengine riziki. Siku zile zile mwana wao alipoanza kuiona sura ya mama yake, aliiona ikiwa na hofu. Wakasema, ili kujiokoa, kwamba yeye ni mtu mzima na aulizwe mwenyewe. Walisema kwa woga, lakini walisema kweli. Ni mtu mzima. Atajisemea. Wazazi wengi waliowalea watoto wao chini ya kongwa walikuwa wenyewe ndani ya kongwa hilo, na mtu anayetoka anaweza kulijua hilo bila kulazimika kusema kwamba hakuumizwa.

Hapa ndipo amri ya tano huletwa, na mara nyingi huletwa vibaya. Kuwaheshimu baba na mama hakujawahi kuwa kuwakabidhi dhamiri. Ezekieli 18 inakataza mzazi kubeba hatia ya mwana na mwana kubeba hatia ya mzazi, na jambo hilo lisingekuwa na maana kama mwana hangekuwa na njia yake mwenyewe mbele za Mungu. Luka 2 inamwonyesha Yesu akiwa na miaka kumi na miwili akitaja hekaluni wajibu alio nao kwa Baba yake, halafu akishuka Nazareti na kuwatii wazazi. Mtu aliyetoka anaweza kumpelekea mama yake pesa ya dawa, kumpigia simu, kumzika atakapokufa, na bado asikanyage tena kwenye kundi lile. Wazee wa kanisa wanaoombwa kupatanisha familia kama hizi wangefanya vyema kutofautisha kurudi kwa mama na kurudi kundini.

Kuhusu maneno yaliyochafuka, Martin Luther ana jambo la kufundisha. Alizaliwa mwaka 1483 huko Eisleben, Ujerumani, na mwenyewe alisimulia alivyochapwa na mama yake hadi damu kwa ajili ya njugu moja. Mwaka 1505 aliingia monasteri ya Waagustino huko Erfurt, na hofu ya nyumbani ikapata vazi la kitawa. Aliungama kwa saa nyingi, akatoka, akakumbuka dhambi nyingine, akarudi, hata Johann von Staupitz aliyemlea kiroho akachoka. Mwaka 1545, karibu na kufa kwake, aliandika kwamba aliwahi kuyachukia maneno ya Warumi 1:17 juu ya haki ya Mungu, kwa kuwa alifundishwa kuielewa kuwa ndiyo haki inayomwadhibu mwenye dhambi. Aliyasoma na kuyasoma hadi akaona kwamba Paulo anasema juu ya haki ambayo Mungu humpa anayeamini. Fungu ni lile lile. Kilichomuumiza ndicho kilichomfungua, kwa sababu fungu halikuwa mali ya waliomfundisha kwanza.

Lakini asihesabiwe kuwa aliyepona siku moja. Mwaka 1527 alipitia kipindi kirefu cha kukata tamaa, miaka mingi baada ya kugundua neema. Na mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi kwa ukatili ambao Wakristo bado wanauonea aibu. Mtu anaweza kuielewa neema na bado akabaki na fimbo aliyochapwa nayo mkononi mwake. Anayetoka kwenye kundi la kutawala ajichunguze hapo hasa atakapopewa darasa la kufundisha au watoto wa kulea.

Wakati mwingine maneno hayasafishiki kwa kusoma peke yake. Ellen Harmon, ambaye baadaye alikuwa Ellen G. White, alikuwa msichana huko Portland, Maine, aliposikia mahubiri ya moto usiokoma hadi akamwona Mungu kuwa dhalimu. Wazazi wake hawakuwa wakatili. Hofu ilitoka mimbarani. Aliificha kwa muda mrefu, na hatimaye akamwambia mama yake, aliyemshauri amwendee mhubiri wa Kimethodisti aitwaye Levi Stockman. Stockman alimsikiliza, na machozi yakamtoka. Ellen aliandika baadaye kwamba mazungumzo yale mafupi yalimfundisha zaidi juu ya upendo wa Mungu kuliko mahubiri yote aliyokuwa ameyasikia, na tangu hapo alianza kumwona Mungu kama mzazi mwenye huruma. Mwaka 1843 familia ya Harmon iliondolewa katika ushirika wa Wamethodisti kwa ajili ya tumaini la marejeo. Msikilizaji na waliowatoa nje walitoka katika kanisa moja. Hilo ni la kukumbukwa na yeyote anayefikiri kwamba akihama kanisa amemaliza tatizo, na pia na kanisa lolote linalofikiri kwamba tatizo liko kwa jirani.

Maana ugomvi wa Yohana 9 ulikuwa juu ya Sabato (9:14, 16). Orodha ya kazi 39 zilizokatazwa siku hiyo, ambayo baadaye iliandikwa katika Mishna, ina kukanda ndani yake, na Yesu alikuwa amekanda tope. Wapo watu ambao, Ijumaa jua linapoanza kushuka, tumbo linakaza, kwa kuwa kwao Sabato ilikuwa saa ishirini na nne za kuchunguzwa. Kuwaambia kwamba Sabato ni furaha hakusaidii. Furaha haiwezi kuamriwa. Yesu hakuiacha Sabato kwa sababu wakuu waliiharibu, wala hakubishana nao kwanza ndipo aponye. Alimpa mtu macho siku hiyo. Darasa linaweza kufanya kitu kama hicho: kumwalika mtu kwenye chakula cha mchana bila kumhoji, kumwacha akae kimya wiki kumi, kutomsimamisha mbele atoe ushuhuda ambao haujakomaa, na kutomharakisha kwenye birika la ubatizo ili taarifa ya robo ipendeze. Akiuliza swali gumu, ajibiwe. Kama mwalimu hana jibu, aseme hana. Kwa mtu yule, mwalimu anayesema hajui na asikasirike huenda akawa mahubiri ya kwanza aliyoyasikia vizuri kwa miaka mingi.

Na akiondoka tena? Wengine huondoka. Yule mtu tajiri wa Marko 10 aliondoka, na Yesu, ambaye Marko anasema alimpenda, hakumkimbilia kumtisha. Kanisa lisiloweza kumwacha mtu aende halijatofautiana sana na lile alilotoka, hata kama mafundisho yake yote ni sahihi.

Fungu la 35 linasema Yesu alisikia kwamba wamemtoa nje, naye akamkuta. Kitenzi cha Kiyunani kilichotumika ndicho Luka 15 inachokitumia kwa kondoo aliyepatikana. Mtu huyu alikuwa hajawahi kumwona Yesu. Alikwenda Siloamu akiwa kipofu, na aliporudi akiona, Yesu hakuwapo. Sasa mtu asiyemjua kwa sura anasimama mbele yake, nje ya sinagogi, na kumwuliza kama anamwamini Mwana. Anajibu kwa swali. Yesu anamwambia kwamba amekwisha kumwona, naye ndiye anayesema naye. Alichokuwa nacho cha kumtambulisha mgeni huyo kilikuwa sauti, ile iliyomtuma akanawe. Mara tu baada ya hapo, bila kubadilisha mahali wala wasikilizaji, sura ya 10 inaanza, na Yesu anazungumza juu ya zizi, juu ya wezi wanaopanda kwa njia nyingine, na juu ya kondoo wanaomkimbia mgeni kwa sababu wanaijua sauti ya mchungaji. Kati ya waliomsikiliza, huenda alikuwapo mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa ametolewa nje.